Fimbo ya mbali na nyoka wa tani mia

Safu ya leo inaingia vitani, ila ni vita vya kwenye skrini, kwa hiyo wazazi msishtuke.

Mliosikiliza kipindi kilichopita mnajua tulivyoishia. Tulikuwa tunaongelea pilau ya harusini, mtu akachomekea neno moja kuhusu makombora ya masafa marefu, na dakika ishirini zikaenda. Upande mmoja ukasema kwamba anayejaza makombora hayo kwenye meki yake anawabebesha wenzake mzigo. Upande wa pili ukasema hao wanaolalamika hawajui kuyatumia. Mwisho mmoja wetu akafunga mjadala kwa methali ambayo kila bibi anayo: fimbo ya mbali haiui nyoka. Watu wakacheka, kipindi kikaisha.

Methali ni tamu, sikatai. Lakini methali si hesabu. Hapa tuna nyoka wa tani mia na fimbo inayofika karibu kilomita moja, kwa hiyo tukae chini tuhesabu. Na kuna sababu ya kuhesabu: kwenye kundi letu la hapa Bloomington swali hili lilikaribia kumtoa mtu kwenye timu. Nitafika huko.

Kwanza tuelewane

Kwa wale mliokuja hapa kwa ajili ya pilau: meki ni mtambo wa vita wenye miguu miwili, mrefu kama jengo la ghorofa kadhaa, unaoendeshwa na rubani mmoja. Mdogo ana tani 20, mkubwa ana tani 100. Gemu zote tunazobishania zimetoka kwenye mzizi mmoja, mchezo wa mezani uliotolewa mwaka 1984 na kampuni ya FASA ya Chicago. Mwanzoni uliitwa BattleDroids, halafu ukaitwa BattleTech, kwa sababu watu wa Star Wars walikuwa wameshalimiliki neno la "droid". Kutoka hapo ndipo zikazaliwa gemu za komputa: MechWarrior Online ya mwaka 2013, BATTLETECH ya mwaka 2018, MechWarrior 5 ya mwaka 2019, na nyingine nyingi.

Katika zote kuna silaha inayoandikwa LRM, makombora ya masafa marefu. Namba inayofuata ni idadi ya makombora yanayotoka kwa mpigo mmoja: LRM 5, LRM 10, LRM 15, LRM 20. Sifa yake kubwa ni kwamba si lazima umwone adui. Unaweza kukaa nyuma ya kilima, mwenzako akamwona, na makombora yako yakapanda juu, yakapita kilima, yakamshukia kichwani kama mvua ya masika. Ubaya wake mkubwa ni kwamba adui akikukaribia sana, hayafai. Kwenye meza kuna umbali wa chini wa mita 180, karibu viwanja viwili vya mpira. Ndani ya hapo kulenga kunakuwa kugumu zaidi kwa kila hatua anayokusogelea. Kwenye MechWarrior Online ni kali zaidi: LRM za kawaida ndani ya mita 180 hazimwachi adui hata na mkwaruzo.

Meza inasemaje

Tuanze na meza, maana pale namba ziko wazi na hakuna anayeweza kusingizia intaneti ya kwao.

LRM 20 ina uzito wa tani 10. Ukimpata adui, unarusha dete mbili kuona ni makombora mangapi kati ya 20 yamefika. Ukipata 7, namba inayotokea mara nyingi kuliko zote, yanafika 12. Nimepiga hesabu ya dete zote 36 zinavyoweza kuanguka, na wastani ni karibu 13. Kila kombora linaondoa alama moja ya deraya. Hizo 13 hazitui mahali pamoja, zinagawanywa mafungu ya tano tano: tano kwenye mkono, tano kwenye mguu, tatu kifuani.

Sasa linganisha na mzinga mkubwa unaoitwa AC/20. Una tani 14, unapiga alama 20, na zote zinatua sehemu moja. Kifua kikipata hizo mara mbili, meki nyingi zinaanza kuaga dunia. Lakini mzinga huo unafika mita 270 tu, na LRM kwenye meza inafika 630. Yaani mwenye mzinga lazima atembee mita 360 akinyeshewa kabla hajakujibu hata neno moja.

Kuna meki inaitwa Archer, tani 70, ina LRM 20 mbili na tani nne za makombora. Tani moja inatoa mipigo sita, kwa hiyo ina mizunguko 12 ya kupiga virushio vyote viwili. Baada ya hapo inabaki na leza zake nne na maombi. Na hapa kuna siri ambayo wazee wa meza wanaijua: LRM 5 nne zinarusha makombora 20 yale yale, lakini zina tani 8 badala ya 10. Joto linaongezeka, kutoka 6 hadi 8, na kila kirushio kinalengwa peke yake. Hiyo maana yake si rahisi kukosa yote, na si rahisi kupata yote. Kama tabia yako ni ya kuweka akiba kidogo kidogo, utazipenda.

Kwa hiyo mezani jibu ni kwamba LRM inafanya kazi, bila miujiza. Inachosha adui, inamfungua hapa na pale, na deraya ikishafunguka, makombora mengi madogo yana nafasi nzuri ya kuingia kwenye ufa. Mezani hakuna anayekuita mwoga kwa kutumia Archer. Matusi yalianza tulipohamia kwenye skrini.

Hoja ya wanaoikataa

MechWarrior Online inapambanisha timu mbili za watu 12, na hakuna zamu. Kila mtu anatembea kwa wakati mmoja. Hapo ndipo makombora yanapata adui mpya ambaye mezani hakuwepo: sekunde.

Kasi ya LRM imebadilishwa mara kadhaa tangu gemu itoke, lakini kwa kawaida imekuwa chini ya mita 200 kwa sekunde. Ukimpiga mtu aliye umbali wa mita 800, makombora yatakuwa hewani kwa zaidi ya sekunde nne. Katika muda huo meki yake inamwonya kwa sauti kwamba kuna makombora yanakuja. Sekunde nne zinatosha kurudi nyuma ya jiwe, kunywa chai kidogo, na kusubiri mvua ipite. Leza haina habari hizo. Ukibonyeza, imefika.

La pili, mwenye LRM anapiga mwili mzima wakati mwenye mzinga anachagua pa kupiga. Kuua meki si lazima umalize deraya yote, inatosha kumaliza kifua. Ndiyo maana mwisho wa mechi unaweza kuona mwenye makombora ana namba kubwa ya uharibifu na vifo vichache. Namba inang'aa, kazi haionekani.

La tatu, dawa zake ni nyingi na ni rahisi kupata. Kuna AMS, mtambo mdogo unaotungua makombora yakiwa angani. Kuna ECM, inayovuruga rada. Kuna kifaa kinachofanya adui akupoteze mara tu unapojificha, na makombora yaliyokuwa njiani yanaangukia mchanga. Hakuna mtu aliyebuni kifaa cha kutungua leza.

La nne ndilo linalowauma watu zaidi. Katika gemu hii deraya ni mali ya timu. Adui ana meki 12 na sisi tuna 12. Wawili wetu wakijificha kilomita moja nyuma, adui anapambana na 10 kwanza, halafu anawafuata wale wawili akiwa bado na nguvu. Aliye mbele akilalamika kwamba anakula risasi za watu watatu, ana haki. Hapo fimbo ya mbali haijaua nyoka, na wenye fimbo za karibu wameshaumwa.

Ndiyo maana kwenye mashindano ya juu, kati ya timu zinazojuana na kujipanga, LRM huonekana kwa nadra. Wanaosema hivyo hawadanganyi.

Hoja ya wanaoikubali

Lakini ngoja. Twende kwenye BATTLETECH ya mwaka 2018, iliyotengenezwa na Harebrained Schemes. Hii inarudi kwenye zamu kama mezani, unaongoza meki nne, na makombora yakiruka hakuna anayepata nafasi ya kukimbia. Sekunde nne zimefutwa. Zaidi ya hapo, makombora yanapunguza uthabiti wa adui. Yakimpiga ya kutosha, meki inaanguka chini kwa kishindo, rubani anaumia, na ikiwa chini wenzako wanaruhusiwa kuchagua sehemu ya kupiga. Meki mbili za LRM nyuma, moja ya kuona mbele, moja ya kumalizia, na mkataba umelipwa. Wachezaji wengi wa gemu ile wamefika mbali kwa njia hiyo. Silaha ni ile ile na jina ni lile lile, ila jibu limegeuka.

Na hata kwenye MechWarrior Online kuna kitu namba hazikionyeshi, nacho ni hofu. Mchezaji mgeni akisikia onyo la makombora anajificha, na akijificha hapigi. Makombora yote yamegonga mwamba, uharibifu ni sifuri, lakini kwa sekunde kumi bunduki moja ya adui imenyamaza na wenzako wamevuka uwanda. Nani ataandika hizo sekunde kumi kwenye ubao wa matokeo?

Hili la hofu si la kwenye gemu tu, na kwetu lina jina. Ukimwambia Mtanzania "Sabasaba" anafikiria tarehe 7 Julai, siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954, na maonyesho ya biashara kule Dar es Salaam. Mwambie neno hilo Mganda wa umri wa babu yako, anaweza kufikiria kitu kingine kabisa: roketi za jeshi la Tanzania katika vita vya mwaka 1978 na 1979, vile vilivyomwondoa Idi Amin. Zilirushwa kutoka kwenye mtambo wa BM-21, gari lenye mirija 40, na roketi zake zinafika kama kilomita 20. Lile lilikuwa jambo la kweli, watu walikufa, na mimi silifananishi na mchezo wetu wa Ijumaa usiku. Nalitaja kwa sababu neno limebaki midomoni mwa watu zaidi ya miaka arobaini. Mvua ya makombora inaingia kwenye kumbukumbu. Lakini Kampala ilipochukuliwa Aprili 1979, waliouchukua mji ni askari wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliofika wenyewe, wengi wao kwa miguu. Roketi zilifungua njia, na mtu ndiye aliyeipita.

Macho ni ya nani?

Sasa mmeona kwamba pande zote mbili zina ushahidi. Mimi naona wanabishania kitu kisichokuwa swali lenyewe. Wanauliza kama kombora lina nguvu, wakati ingefaa waulize anayeliona lengo ni nani.

Jibu liko karibu na hapa kuliko mnavyodhani. Kuanzia mwaka 1959 hadi 1971 miji yetu pacha, Minneapolis na Saint Paul, ilizungukwa na pete ya vituo vinne vya makombora ya kweli, yanayoitwa Nike, yaliyowekwa kuzuia ndege za Kisovieti. Kimoja kilikuwa Farmington, kusini yetu. Kingine kilikuwa St. Bonifacius, upande wa magharibi. Kila kituo kiligawanywa sehemu mbili: mahali pa kurushia, na mahali pengine pa rada na komputa. Kombora lenyewe lilikuwa halioni kitu. Rada moja ilifuata ndege, rada nyingine ilifuata kombora, na komputa iliyokaa ardhini ililiambia kombora pinda huku, pinda kule. Kombora bila ile sehemu ya rada lilikuwa bomba refu la chuma lililosimamishwa kwenye shamba la mahindi.

LRM ni vivyo hivyo. Simama siku moja kwenye kituo cha wageni cha hifadhi ya bonde la mto Minnesota, kule American Boulevard, utazame chini bondeni. Kutoka juu unaona mbali, lakini huoni aliye nyuma ya miti chini ya ukingo. Rafiki yako aliyeshuka kwenye njia ya miguu anamwona vizuri sana, ila yeye hana makombora. Mkitenganishwa, wewe una silaha bila shabaha na yeye ana shabaha bila silaha. Mkizungumza, mmekuwa kitu kimoja.

Gemu imelijua hilo tangu zamani, ndiyo maana ikatupa vifaa vya kuzungumzia. Kuna TAG, leza ndogo isiyoumiza, kazi yake ni kummulika adui ili makombora yamshike haraka. Kuna NARC, kitu unachompachika adui mwilini kikaendelea kupiga kelele "niko hapa" hata akijificha. Mpelelezi mdogo wa tani 30 mwenye NARC anaweza kuzigeuza LRM za timu nzima kutoka mvua ya kupita kuwa gharika. Na gemu inamlipa kwa kazi hiyo.

Ndiyo maana pia watengenezaji wamehangaika nayo miaka yote. Machi 2013, gemu ikiwa bado ya majaribio, mlipuko wa makombora ulikuwa unasambaa mwilini kupita kiasi, meki zikawa zinakufa kama inzi, ikabidi yapunguzwe nguvu haraka. Tangu hapo yameongezwa, yamepunguzwa, yamebadilishwa kasi na jinsi yanavyopinda. Hakuna namba itakayowaridhisha wote. Kwa mgeni, LRM ni rahisi kutumia na ngumu kukwepa. Kwa mzoefu, ni rahisi kukwepa na ngumu kutumia. Ukiipa nguvu wazoefu waiheshimu, wageni wanalia. Ukiwahurumia wageni, wazoefu wanaitupa.

Sasa, yule wa kwetu

Nilisema kuna mtu alikaribia kutolewa. Ni binamu yetu mdogo, kazaliwa hapa hapa, Kiswahili chake ni cha kusikia. Ukimwambia alete maji analeta, ukimuuliza swali anajibu kwa Kiingereza au kwa mabega. Baridi ikianza na nje hapakaliki, tunacheza Ijumaa usiku, watu wanne, na dada mmoja mkubwa aliweka sheria: kwenye vipokea sauti ni Kiswahili tu, maana wazazi wamechoka kutusikia tukipayuka kama watangazaji wa mpira wa kikapu.

Binamu alichagua Catapult, tani 65, LRM 15 mbili. Alisema vidole vyake si vya haraka, na alikuwa anasema kweli. Alikaa nyuma, akarusha makombora kwenye vilima, na kaka zake mbele wakawa wanachanika. Baada ya wiki kadhaa mmoja akamwambia waziwazi: badilisha meki au utupishe. Methali ya fimbo ilianzia hapo, kabla haijafika kwenye kipindi. Na kwa upande wa deraya, kaka alikuwa na hoja. Alikuwa anakufa kila mechi.

Lakini angalia kilichokuwa kinatokea upande wa pili. Mwenye mzinga anaweza kucheza usiku mzima bila kusema neno. Mwenye LRM hawezi. Ikabidi binamu aulize, "Yuko wapi?" Ikabidi ajibiwe, na jibu alielewe ndani ya sekunde mbili. Nyuma ya daraja. Juu ya kilima. Amekwenda kulia. Usiku wa kwanza alisikia "anakwenda kulia" akauliza kwa nini analia, tukacheka mpaka meki mbili zikafa. Usiku wa tatu alikuwa yeye anayesema: "Nimemshika. Usimwache. Mmulike tena. Subiri, subiri, yanakuja." Hizo ni sentensi, jamani. Ni fupi, lakini zina nafsi, zina wakati, zina yambwa, na hakuna aliyemsahihisha maana hakukuwa na nafasi ya kumsahihisha.

Sisemi LRM ni mwalimu wa lugha. Nasema silaha isiyokuwa na macho inamlazimisha mtu kuongea na wenzake, na kwa mtoto ambaye alikuwa amezoea kujibu kwa mabega, hilo si dogo. Tungemwambia achukue mzinga, angenyamaza na angekufa haraka. Tungepoteza rubani na tungepoteza msemaji.

Kwa hiyo tulikaa, tukakubaliana. Anabaki na Catapult yake, lakini hatakaa nyuma ya dunia. Masharti nayaandika hapa kwa sababu yanamfaa yeyote anayependa LRM, na kwa sababu mtu aliniuliza kwenye ujumbe.

Kwanza, sogea. Mita 800 ni za kujifurahisha. Kaa kati ya mita 300 na 500 hivi. Makombora yatachukua muda nusu ya ule wa kwanza kufika, na bado uko nje ya zile mita 180 za hatari.

Pili, tumia macho yako mwenyewe kila unapoweza. Ukimwona adui moja kwa moja, makombora kwenye MechWarrior Online yanaruka chini chini badala ya kupanda mbinguni kwanza, kwa hiyo yanawahi. Macho ya mwenzako ni mkopo. Usiishi kwa mkopo.

Tatu, beba TAG. Uzito wake ni mdogo, na inakutoa kwenye kundi la ombaomba.

Nne, usijaze makombora tupu. Catapult ya asili ina leza nne za wastani, na waliozichora walikuwa na akili. Adui akikurukia, uwe na cha kumjibu.

Tano, lipa kodi ya deraya. Deraya ambayo haijakwaruzwa mpaka mechi inaisha ni mali ya timu iliyooza ghalani. Kaka aliye mbele akianza kuungua, toka, simama upigwe wewe kidogo, yeye apoe. Hili ndilo lililomtuliza kaka mkubwa kuliko hesabu zote nilizoziandika hapo juu. Alichotaka siku zote kilikuwa kuona mwenzake naye amechafuka.

Sita ni kwa waliobaki mbele: semeni mnachokiona. Wengi wanaolalamika kwamba LRM haifai hawajawahi kufungua mdomo kumwambia mwenye LRM adui yuko wapi. Ukinyamaza, usimlaumu kipofu kwa kupotea njia.

Hukumu yangu

Mniulize jibu kwa neno moja, nitawapa matatu, kwa sababu gemu ni tatu. Mezani, inafaa. Kwenye BATTLETECH ya mwaka 2018, inafaa sana, karibu kupita kiasi. Kwenye MechWarrior Online, ukiwa peke yako kati ya watu usiowajua na wapinzani ni wazoefu, haifai, chukua leza uende zako. Ukiwa na watu unaowajua, wanaoongea, na mpelelezi mmoja asiyeogopa, inafaa kuliko watu wanavyokiri. Kwa upande wa MechWarrior 5, ambako adui ni komputa isiyojua kujificha vizuri, sioni hata haja ya kubishana.

Na methali? Bibi alisema kweli, ila alikuwa anamsemea mtu aliye peke yake na nyoka. Tumekuwa tukiinukuu kama vile hakuna mwingine uwanjani. Kaka anayeipenda hiyo methali bado anaitumia, lakini siku hizi anaitaja huku akimmulika adui kwa TAG na kumwambia mdogo wake ni lini apige. Wiki iliyopita tulishinda mechi mbili, tukapigwa tatu. Ile ya tano tulipigwa vibaya, na aliyekufa wa mwisho alikuwa Catapult, amesimama mbele kabisa, makombora yamekwisha, anatumia leza na kutukana kwa Kiswahili ambacho sijui nani alimfundisha. Mama yake alikuwa jikoni. Akamkemea, na alimkemea kwa Kiswahili, na binamu akajibu, "Samahani mama, nimekufa."

Sasa ni zamu yenu. Tutumieni sauti, sekunde thelathini tu, mtuambie: kwenye timu yenu nani ni macho na nani ni fimbo? Na kwa Kiswahili cha kwenu, iwe Mombasa, Goma, Bujumbura au Maskati, mtu anayemwonyesha mwenzake adui mnamwitaje? Sisi tumekuwa tukisema "mpelelezi", lakini dada mmoja anadai neno hilo ni la polisi, na ninahisi mjadala mwingine wa dakika ishirini unakuja.

Wiki ijayo tunarudi kwenye pilau, tuliahidi. Vaeni makoti, na msifyatue mkiwa ndani ya mita 180.